Mazoezi ya Karatasi

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na hayo masikio yako yanaendeleaje? Mama ananiambia bado umegoma kuwa na simu kwa sababu ving'ora vya zimamoto vilikumalizia usikivu, na anayetaka kusema nawe aandike. Basi naandika. Mimi ni mzima, ila hasira zinanisumbua kidogo, na wa kuzisikia ni wewe uliyenitafutia hii kazi.

Kituo chenyewe cha michezo cha chuo ni kizuri. Bwawa la mita ishirini na tano, ukumbi wa mpira wa kikapu wenye sakafu ya mbao, chumba cha vyuma vya kunyanyua, na wanafunzi wanaoanza kuingia saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na matongotongo machoni. Waokoaji wa bwawa tuko wanne. Ukiongeza wasafishaji, mapokezi na mtunza vifaa, tunafika kumi na wawili. Ni watu wazuri, wacheshi, na chai yao haina mchezo.

Tatizo lilikuja na hiyo chai. Ijumaa iliyopita Meneja, huyo rafiki yako wa siku nyingi, alileta karatasi juu ya sinia la vikombe. Imeandikwa "Zoezi la Dharura la Mwezi". Kuna mistari: nani alikimbilia mashine ya kushtua moyo, nani alipiga simu, nani alifungua geti la gari la wagonjwa, zoezi lilichukua dakika ngapi. Majina yetu yameshachapwa. Dakika nazo zimeshachapwa, tatu na nusu. Watu wakawa wanasaini huku wanapuliza chai. Mimi nikauliza, "Kwani zoezi lenyewe ni saa ngapi?"

Mtunza vifaa, tunayemwita Mzee Mipira, alinikanyaga mguu chini ya meza. Meneja akacheka, akaniambia, "Binti, zoezi ndilo hili." Wanayaita mazoezi ya karatasi, wala hawaoni haya. Zikishasainiwa zinatiwa kwenye bahasha, anapelekewa mkaguzi fulani wa nje, naye anaweka sahihi yake, kisha zinarudi kukaa kwenye faili. Sikusaini. Nimeiacha nafasi yangu nyeupe na Meneja ameninunia tangu siku hiyo.

Sasa nisikilize. Wewe umefanya kazi ya zimamoto miaka thelathini na mmoja. Nifundishe namna ya kuendesha zoezi la kweli, kwa barua hivi hivi. Kama hawataki kulifanya wao, nitalifanya mimi na atakayenifuata.

Nakusalimia sana.

Mpwa wako

*

Tarehe 12 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, masikio hayajambo pia, kwa kuwa siku hizi hayana kazi. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. Umefika kazini mwezi mmoja, umeshagombana na bosi! Kweli wewe ni mtoto wa dada yangu. Mama yako alifukuzwa kwenye kwaya kwa kumsahihisha mwalimu.

Ila nisikilize na mimi. Yule bwana nilimwomba kwa mdomo wangu akuchukue. Tumetoka mbali, mimi na yeye. Karatasi ni karatasi, kila ofisi ina za kwake. Saini, mwanangu, ukae kwa amani, halafu wafundishe wenzako taratibu bila kelele. Ukitaka kufanya vyote viwili inawezekana.

Haya, la kufundisha ni hili. Kwanza, usianze na mgonjwa, anza na milango. Tembea kutoka kila kona hadi ilipo mashine na uhesabu hatua zako. Dereva wa gari la wagonjwa hajui mlango wenu upi ni upi, kwa hiyo lazima mtu akasimame getini na kupunga mkono. Pili, ukishika amri usiseme "jamani, mtu apige simu". Ukisema hivyo wote watapiga au hatapiga yeyote. Mwonyeshe mtu mmoja kidole, mwambie "wewe". Tatu, kifua. Kibonyezwe katikati, kwa nguvu, haraka, mara mbili kila sekunde, na kiachwe kirudi juu. Baada ya dakika mbili mbadilishane, maana mikono inadanganya, unadhani bado unabonyeza kumbe unapapasa tu. Nne, mpime kwa saa. Watu wote hudhani wana kasi mpaka waonyeshwe saa.

Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Usiwacheke. Kwangu ilikuwa vurugu mwaka mzima.

Msalimie Meneja. Na saini.

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena na tena. Paka amerudi ndani? Huku sote tuko salama, isipokuwa mimi nimehamishwa.

Karatasi ya Februari ilipokuja sikusaini vilevile. Jumatatu yake nikaambiwa niache filimbi yangu bwawani, nihamie dirisha la taulo. Sasa kazi yangu ni kupokea taulo zilizolowa na kutoa kavu. Meneja alidhani nitalia. Nilimwambia asante, kwa sababu pale dirishani ninaona mlango wa ukumbi, ngazi za chumba cha vyuma na kona ya bwawa kwa mpigo mmoja, kitu ambacho bwawani nilikuwa sikioni. Hatua nimeshazihesabu zote.

Na zoezi tumefanya! Tunafanya Jumanne na Alhamisi, nusu saa kabla ya kufungua. Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Deki, msafishaji mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua vioo. Aliniuliza swali moja tu: "Mtu akianguka kwenye sakafu yangu, nimpige deki au nimfanyeje?" Nikamwambia ndicho tunachotaka kujifunza. Alinyanyuka, akawaburuta wengine. Mzee Mipira alikuja kwa shingo upande na kuweka masharti kwamba hatapiga magoti. Siku ya tatu alikuwa amepiga magoti.

Kuna mwanasesere wa plastiki wa kujifunzia kubonyeza kifua, ila yuko ofisini kwa Meneja, bado kwenye nailoni yake. Kwa hiyo tumefunga taulo kuukuu ndani ya gunia la mipira, na huyo ndiye mgonjwa wetu. Mara ya kwanza, kama ulivyosema, ilikuwa vurugu. Nilipiga kelele "mtu kaanguka!" na wote kumi walikimbia kwenda mapokezi kupiga simu. Wote! Gunia lilibaki peke yake katikati ya ukumbi, marehemu kabisa. Nilicheka, nisamehe, nilishindwa. Sasa tumegawana: mapokezi simu, wasafishaji mageti, Mzee Mipira kifua, mimi mashine. Mzee Mipira ndiye anayewasha pia ile saa kubwa ya ukutani ya michezo, ili wote tuione inavyokimbia. Mara ya kwanza dakika tisa. Alhamisi iliyopita, nne na sekunde hamsini.

Lakini Mjomba, kuna jambo linaninyima raha. Mashine ya kushtua moyo haiko ukutani. Meneja ameifungia ofisini kwake, anasema wanafunzi wataiiba. Ufunguo anao mfukoni, na yeye mwenyewe huyo haonekani, mara mkutanoni, mara benki, na saa kumi jioni ameshaondoka wakati sisi tunafunga saa tatu usiku. Kwenye mazoezi Mama Deki anasimama mbele ya ofisi iliyofungwa na kunikabidhi kandambili, tunajifanya ndiyo mashine. Nimemwandikia Meneja barua mbili kuhusu ufunguo. Hajajibu hata moja.

Nifanyeje?

Mpwa wako wa taulo

*

Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Sijambo. Mvua imenyesha, bustani imefurahi, goti la kushoto halikufurahi.

Dakika nne na sekunde hamsini kwa watu ambao wiki tatu nyuma walimkimbia mgonjwa, huo ni ushindi. Mwambie Mzee Mipira nampa heko. Ukimwona anachoka usimwambie amechoka, sema "zamu yangu", kwa hiyo hataona aibu.

Hilo la ufunguo ni baya. Sikulijua. Mimi niliambiwa mashine inakaa ukutani, karibu na mlango wa ukumbi. Mashine iliyofungiwa ni pambo. Mwandikie tena, mara ya tatu, na uweke nakala.

Lakini fanya kwa adabu, na usiende kwa wakubwa wake. Nakuomba. Kuna mambo ya kiofisi usiyoyajua, na watu wakianza kuchimba hujui watachimbua nini. Endelea na gunia lako, mambo mengine yatajipanga.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Yeye pia ni mzima. Nakwambia hilo kwanza ili usome bila presha.

Jana, saa saba kasorobo mchana, mhadhiri mmoja wa hesabu alikuwa anacheza mpira wa kikapu na wanafunzi wake. Huja kila wiki, na kaptura yake ndefu, na kelele zake za kudai faulo. Nikiwa dirishani nikamwona anarudi nyuma kufuata mpira, kisha akakaa chini. Wanafunzi walicheka, walidhani anaigiza. Halafu akalala ubavu.

Mjomba, nilipuliza filimbi tu (ya akiba, nilikuwa nayo mfukoni) na watu wangu walitoka kila mlango. Mzee Mipira aliteleza kwa magoti yake yale yale aliyosema hayapigi, akaanza kubonyeza, na kabla ya hapo aliiwasha saa ya ukutani. Mapokezi walikuwa tayari kwenye simu, nawasikia wanataja barabara na geti. Mama Deki alinyoosha kidole, "Wewe, geti la nyuma! Wewe, wahamishe hawa watoto!" Mwanafunzi mmoja mrefu kama mlingoti alitii huku analia.

Mimi nilikimbia ofisini. Hatua arobaini na mbili. Mlango umefungwa. Meneja yuko jengo la utawala kwenye kikao, ufunguo uko mfukoni mwake. Nilijua utakuwa umefungwa, na bado nilikitikisa kitasa kama mjinga. Kisha nikang'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani nikaipiga ile kufuli. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili mbao zikalia. Ya tatu mlango ukaingia ndani pamoja na mimi.

Mashine ilikuwa juu ya kabati, chini ya rundo la majarida. Nilipofika ukumbini saa ilisema dakika nne na sekunde thelathini. Tukampasua fulana, tukabandika zile karatasi za kifuani, mashine ikasema watu wote wakae mbali. Ikamshtua. Hakuna kilichotokea. Mzee Mipira akaendelea, jasho linamdondokea mgonjwa usoni, nikamwambia "zamu yangu" kama ulivyonifundisha, akanipisha. Ikamshtua mara ya pili. Nikasikia mbavu zake chini ya viganja vyangu zinapanda zenyewe. Mjomba, nimewahi kuokoa watu majini, lakini hili sijawahi kulihisi. Nilipiga ukelele.

Gari la wagonjwa liliingia geti la nyuma moja kwa moja, halikupotea hata kidogo. Hospitali wanasema atapona.

Meneja alifika watu wameshaondoka. Alisimama mbele ya mbao zilizovunjika. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kavunja mlango wangu?"

Nikamwambia ni mimi, na nikiukuta umefungwa tena nitauvunja tena.

Mpwa wako

*

Tarehe 16 Aprili

Mpwa wangu kipenzi,

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano nimemsomea jirani kwa sauti mpaka akaniomba nipunguze. Mimi mzee mzima nimelia mbele ya mtu. Gunia la taulo! Filimbi ya akiba! Kikosi changu kizima cha zamani kingekupigia saluti, na mimi wa kwanza.

Sasa ushauri. Umeshinda. Mtu aliyeshinda hahitaji kumfokea mtu. Meneja ataaibika kidogo kisha atajidai kidogo, mwache. Atakurudisha bwawani. Kubali, nyamaza, maisha yaendelee.

Najivunia wewe kuliko ninavyoweza kuandika.

Mjomba wako

*

Tarehe 21 Aprili

Mjomba,

Leo Meneja aliniita ofisini. Mlango mpya, chai ya maziwa, kiti cha wageni. Kamati ya usalama ya chuo inakutana tarehe kumi na mbili Mei, na wanataka kukipa kituo chetu cheti cha utayari. Wanataka pia karatasi zake zile zisambazwe kwenye vituo vyote vya chuo, kwa sababu, alisema, "zimethibitika kuokoa maisha". Mimi nitakuwa mkuu wa waokoaji. Kazi yangu ni kusimama pembeni yake siku hiyo na kutabasamu.

Kisha akanifungulia faili kwa mbwembwe. Karatasi kumi na nne, miezi kumi na minne. Kwenye ya Februari na ya Machi kuna sahihi yangu. Mimi sikuisaini. Kuna mtu ameiandika kwa niaba yangu, na kaandika vibaya.

Chini ya kila moja, mahali pa mkaguzi wa nje, imeandikwa "Nimeshuhudia zoezi hili, limefanyika ipasavyo". Nimeujua ule mwandiko kabla sijafika kwenye jina. Nina barua tatu za mwandiko ule kwenye droo ya kitanda changu.

Ulikuwa unanifundisha zoezi la kweli kwa mkono ule ule uliosaini ya uongo. Ndiyo maana ulisema "niliambiwa mashine inakaa ukutani". Uliambiwa! Uliandika umeshuhudia.

Tarehe kumi na mbili nitasema kila kitu. Nakuarifu mapema kwa sababu ya Mama.

Mpwa

*

Tarehe 6 Mei

Wewe mtoto,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Salamu hukuniletea na mimi sikuletei.

Unajua nimevuta watu wangapi kwenye moshi? Unajua mgongo huu uliunguzwa na nini? Ulikuwa unanyonya bado. Halafu leo unaniandikia kama askari anayemhoji mwizi wa kuku. Adabu imekwenda wapi?

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, wakapiga picha na mimi, wakafunga geti. Mwaka mzima hakuna aliyenihitaji kwa lolote. Nilikuwa naamka saa kumi na moja kwa mazoea, navaa viatu, nakaa kitandani nimevivaa. Ndipo ikaja bahasha, juu yake imeandikwa "Kwa Mkaguzi Mkuu". Mimi! Wewe hujui hilo neno lilinifanyia nini. Mara ya kwanza nilimwuliza Meneja, "Mazoezi yamefanyika?" Akasema, "Ndiyo, kaka." Mara ya pili sikuuliza.

Hayo ndiyo yote. Sikupewa chochote. Sikumdhuru mtu. Mhadhiri wenu yu hai.

Sema unachotaka kuhusu Meneja, kuhusu ufunguo, kuhusu sahihi yako. Jina langu liache. Watu wa kikosi wanalijua jina hilo, vijana wengine niliwafunza mwenyewe. Ukilitaja mbele ya kamati usiniite Mjomba tena.

*

Tarehe 14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nakuita ninavyokuita. Hilo jina hukulitoa wewe, limetoka kwa bibi aliyekuzaa wewe na Mama, kwa hiyo huna uwezo wa kulifuta.

Nimelitaja.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wetu, meza ndefu na kitambaa cha kijani. Mwenyekiti ni mama mmoja wa idara ya sheria, miwani yake inakaa kwenye ncha ya pua. Meneja alizungumza dakika ishirini. Alisema "utamaduni wa utayari" mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Kisha akanionyesha kwa mkono, nami nikasimama. Wote walikuwa wanatabasamu, Mjomba. Cheti kilikuwa mezani, kwenye fremu. Ilikuwa rahisi sana kusema asante na kukaa.

Nikasema, "Mazoezi yaliyo kwenye faili hilo hayajafanyika hata moja."

Nilieleza kuhusu sinia la chai, gunia, kandambili, majarida juu ya mashine. Niliweka mezani nakala za barua zangu tatu za ufunguo. Mwenyekiti akachukua karatasi ya Machi na kuniuliza, "Hii sahihi si yako?" Nikasema si yangu, mimi huandika jina zima. Meneja akadakia kwamba nina kinyongo cha kuhamishwa, na hata kama wafanyakazi wana malalamiko, mkaguzi wa nje alishuhudia, tena ni mtu wa zimamoto mwenye heshima zake. Mwenyekiti akaniuliza, "Mkaguzi huyu unamfahamu?"

Hapo nilisita, sitakuficha. Nilikuona na viatu vyako, umekaa kitandani. Nilitaka kusema simjui, na hakuna ambaye angenibishia. Lakini ningesema hivyo karatasi zingeenda vituo vyote, kila mahali wangesaini huku wanapuliza chai, na siku moja mtu angeanguka mahali ambapo hakuna Mama Deki. Nikasema, "Namfahamu. Ni kaka yake mama yangu. Kila ninachokijua kuhusu kazi hii amenifundisha yeye. Na zoezi hata moja hakulishuhudia." Nikataja majina yako, yote matatu.

Mama Deki alisimama bila kuitwa, na aproni yake, akasema, "Anachosema huyu ndicho kilichotokea, na mimi nimesaini uongo mara kumi na nne, niandikeni." Mzee Mipira naye akasimama.

Cheti wamekirudisha kwenye boksi. Karatasi haziendi popote. Mashine imetundikwa ukutani siku hiyo hiyo, karibu na mlango wa ukumbi, bila kufuli. Meneja amepewa onyo na yupo bado. Mimi nimepewa barua ya kuachishwa kazi, mistari mitatu, kosa ni kuharibu mlango. Niliisoma nimesimama, nikaenda kurudisha funguo za dirisha la taulo, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Sijutii. Na nakupenda, na nimekasirika, na vyote viwili ni vya kweli kwa wakati mmoja. Ukitaka kuninunia, ninunie. Mimi sitakununia.

Mpwa wako, upende usipende

*

Tarehe 28 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya Mei naiitikia leo, nimechelewa. Mama yako amenipa anwani yako mpya, akasema unafundisha watoto wa shule kuogelea na kwamba umekonda. Kula.

Barua yako nilipoipata niliitupa jikoni, nikaiokota, nikaitupa tena. Niliwaza watu wa kikosi watasemaje. Wamesema, na wengine wamesema mabaya. Mmoja niliyemfunza mwenyewe alipita upande wa pili wa barabara. Hilo liliniuma kuliko moto wowote. Nilikukasirikia mpaka katikati ya Juni, na nilifanya bidii.

Halafu asubuhi moja nikaamka saa kumi na moja, nikavaa viatu, na badala ya kukaa kitandani nikapanda basi. Ilikuwa Ijumaa. Nilifika kituoni kwenu saa nne, wakati wa chai. Nikamwambia mlinzi wa getini, "Nina mazoezi kumi na manne hapa niliyosaini sijayafanya. Nimekuja kuyafanya." Meneja akatoka mwenyewe. Hatukupeana mkono. Akasema siruhusiwi kuingia. Nikamwambia sawa, nikavuka barabara nikakaa kwenye majani mbele ya geti lake, nikafungua gunia langu la taulo kuukuu.

Wa kwanza kutoka alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ambayo hata mimi niliisikia. Akaniangalia juu hadi chini, akaniuliza, "Wewe ndiye yule mjomba?" Nikasema ndimi. Akasema, "Umechelewa miezi kumi na minne," kisha akapiga magoti.

Tangu siku hiyo naenda kila Ijumaa. Wanatoka na vikombe vyao mkononi, tunafanya hapo hapo kwenye majani, wanafunzi wanasimama kutazama na wengine wanajiunga. Meneja anatutazama dirishani. Mara moja aliita walinzi watufukuze, walinzi wakauliza kama na wao wanaweza kujifunza. Tumeshafanya sita. La kwanza lilichukua dakika saba na nikaandika saba. La nne liliharibika kabisa kwa sababu nilianguka mimi mwenyewe, goti, na wakanibonyeza nusu dakika kabla sijawaambia niko hai. Nimeliandika hivyo hivyo.

Yamebaki manane. Karatasi za yale sita ninazo hapa mezani, nimezijaza kila kitu isipokuwa mstari wa chini, wa mkaguzi. Hazisainiwi, kwa sababu hakuwepo wa kuyashuhudia, na mimi mwendeshaji siwezi kujikagua. Tutayarudia yote kumi na manne kuanzia la kwanza, mbele ya mtu anayejua kazi na asiyeniogopa. Ninamjua mmoja tu.

Njoo Ijumaa ijayo, saa nne. Simama pembeni na saa yako. Tukifanya sawasawa, saini. Tukiharibu, usisaini, hata nikikuomba.

Mjomba wako